Fomu Iliyofungwa Kimya

Jumatatu, 10 Juni
Baridi ya Nyeri imeniingia mpaka mifupani. Kwetu Bungoma sasa watu wanaota jua! Hapa mapokezi ya hospitali, foleni tangu asubuhi. Ameletwa msichana aliyegongwa na lori sokoni Karatina. Hana simu wala kitambulisho, mkoba uliibwa palepale. Jina alilitaja kwa shida: Beth Wamae. Nikajaza fomu kwenye kompyuta, pa kitambulisho nikaacha wazi, nikafunga. Anayefuata!

Jumanne, 11 Juni
Mzee mmoja, koti limelowa. "Mami, msichana yangu iko hapa? Anaitwa Beth." Nikatafuta kwenye kompyuta — hakuna. Tena — hakuna. Nikamwambia hayupo. Bila namba ya kitanda mlinzi hamruhusu mtu wodini. Akasema basi atajaribu Kutus, ati kuko na hospitari huko. Akaniachia namba yake ya simu, akanishukuru.

Jumatano, 12 Juni
Manyunyu siku nzima. Hakuna jipya.

Alhamisi, 13 Juni
Nesi Adhis amekuja na faili. Anauliza: wa kitanda cha sita ameaga dunia jana jioni, mbona hayumo kwenye kompyuta?
Beth. Ee Mungu wangu, Beth! Niliona sura yake Jumatatu, na Jumanne mzee alipouliza sikuikumbuka. Adhis anasema alikuwa akimwulizia baba yake kila asubuhi. Wodi ni hatua ishirini kutoka dirisha langu.
Nikamwita Vipul, fundi wetu wa kompyuta. Akajaribu mbele yangu: ukiacha kitambulisho wazi kisha ukafunga fomu, rekodi haihifadhiwi. Inapotea. Nikafoka — mbona haituonyi? Akanikumbusha. Ilikuwa ikionya. Mwezi wa Machi nilimwomba mimi mwenyewe autoe ujumbe wa onyo, ulikuwa unatuchelewesha. Nilimnunulia hadi mandazi kwa shukrani.

Ijumaa, 14 Juni
Sikulala. Adhis alijitolea kumpigia mzee, nikakataa. Mimi ndiye niliyemwambia hayupo. Nimeshika simu, namba yake iko mbele yangu.
Kabla sijapiga — yuko dirishani! Koti lile lile. Ametoka Kutus, hakumpata. Amebeba ndizi, anasema Beth akipatikana atakuwa na njaa. "Mami, hebu angaria tena kwa kompyuta."
Nimemwambia aketi. Adhis amekwenda kumwita daktari. Mzee yuko kwenye benchi, mfuko wa ndizi magotini, na mimi naandika haya nyuma ya kompyuta kwa sababu siwezi kumtazama. Anadhani natafuta.