Matuta Niliyowachimbia Wengine

Matombo,
Morogoro.
14 Juni 1999

Mpendwa kaka Kasimiri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Tabora, wewe, wifi Devotha na watoto. Je, mguu wa wifi umepona? Mimi mgongo unanisumbua, lakini nalima.

Barua yako niliipata misheni Jumapili. Umenipongeza kwa kuchaguliwa mwenyekiti wa wanawake wakulima, ukaandika kwamba shida humkomaza mtu. Nilicheka, kaka, na si kwa furaha. Aisifuye mvua imemnyea. Wewe ile yetu uliisikia redioni, ukaleta telegramu kwamba unakuja kuzika, na mpaka leo sijakuona.

Basi nikueleze cheo hicho kilivyonipata. Kiwanda nilichofanyia kazi kilipopata mwenyewe mpya tukapunguzwa, nikarudi huku mlimani kwa mume wangu Bonifasi, tukapanda kabichi na karoti. Mwaka jana mvua zilipokataa kukoma, mteremko wote uliporomoka. Yeye alikuwa ametoka kwenda kuzibua mfereji. Tulimpata siku ya tatu, jembe likiwa chini yake.

Kwa jembe hilohilo nilianza kuchimba matuta ya ngazi kwenye kipande kilichobaki. Sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa na hasira tu. Unajua watu wetu wanavyoyachukia matuta hayo tangu enzi za Mwingereza. Babu yetu mwenyewe alifungwa kwa kuyakataa. Wakaniita mke wa bwana shamba. Wengine walisema kufiwa kumenivuruga akili.

Masika ya mwaka huu udongo wao ukateremka tena mtoni, wangu ukabaki. Ndipo wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu na jembe lake, wengine hawawezi hata kunitazama usoni. Sasa tuko thelathini, na nawafokea kama msimamizi wa zamu kule kiwandani. Huo ndio uongozi unaonipongeza.

Lililobaki ndilo linaloniuma. Mwezi uliopita alikuja Godfrey, mtoto wa dada yake Bonifasi. Alikaa kwa adabu, akanywa chai yangu, kisha akasema, "Mkaza mjomba, kazi umeifanya, hakuna anayebisha. Lakini ardhi hii ni ya kwetu."

Mila yetu ni hiyo, shamba la mume hurudi kwa watoto wa dada zake, nami nilijua hata nilipokuwa nachimba. Wenzangu wanachimba kwenye ardhi za mama zao. Mimi ninayewafundisha nimewachimbia watu.

Ardhi yangu ni ile ya marehemu mama, uliyompangisha mfanyabiashara wa nyanya wa mjini bila kuniuliza. Nimekuandikia mara tatu kuhusu shamba hilo. Hujanijibu hata neno, ila hongera hukusahau.

Baba mdogo Benedikto anakusalimu, na Prisca mliyeimba naye anauliza kama bado una ile sauti ya kwaya. Nibusie watoto. Mungu awalinde katika njia zote, hasa ile ya kuja nyumbani.

Jumatatu ijayo, huyo mfanyabiashara akishachuma nyanya zake za mwisho, sote thelathini tunaingia shambani kwa mama na majembe. Ameniuliza ni nani aliyeturuhusu. Nimemwambia ni kaka yangu Kasimiri. Usinifanye mwongo mbele ya wanawake hawa.

Mdogo wako akupendaye hata kwa hasira,
Anastasia