Mate ya Mama, Mate ya Bibi

Karakana ya seremala,
Nyuma ya zahanati,
Jumanne, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa mjukuu wangu, Daktari wetu,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Hujambo huko? Kile kikohozi kilichokushika wakati wa baridi kimekuachia? Unakula chakula cha maana, au bado unashindia chai na biskuti mbele ya kompyuta? Mimi ni mzima. Goti linalia nikikaa, linalia nikisimama, kwa hiyo nimeacha kulisikiliza. Mama yako naye hajambo, anapika, anafua, ananigombeza kama kawaida yake.

Usishangae mwandiko. Natumia penseli ya useremala, ile bapa, maana kalamu inateleza mkononi. Hii ni siku ya tatu nimeinamia barua hii juu ya benchi, na nimewafukuza wateja wawili. Mtaa mzima hakuna mzee mwingine wa rika langu anayeweza kujaza ukurasa. Darasa la watu wazima nilikaa miezi minne tu, na mwalimu alisema mimi ni wa kwanza. Hakusema wa kwanza katika nini, lakini alisema.

Mama yako ameniambia kwamba mwisho wa mwezi huu utasaini karatasi ya kuacha masomo. Miaka minne ya udaktari unataka kuifunga kwenye sanduku urudi nayo. Nakuomba usisaini kabla hujafika mwisho wa barua hii. Isome polepole, kama ninavyosoma mimi.

Tangu tumzike bibi yako nyumba imekuwa kubwa. Unakumbuka jinsi macho yake yalivyofungwa, kama pazia linalovutwa kutoka pembeni, mwaka baada ya mwaka, mpaka likabaki tundu la ufunguo, na tundu lenyewe likazibwa. Mimi nilipitisha randa kila kona ya meza, nikang'oa vizingiti vyote vya milango, nikaweka ubao laini ukutani kutoka kitandani hadi jikoni ili mkono wake upate njia. Nyumba nzima hakuna kona kali. Watu walikuja kwenye msiba wakaisifu kazi ile, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikapokea sifa. Sasa ubao ule hakuna anayeugusa. Jana nilikuta una vumbi.

Barua yako ya rambirambi ilifika siku ya tisa. Mama yako alitaka kunisomea, nikamkatalia, nikamrudisha jikoni. Nikakaa nayo mlangoni, kwenye mwanga, nikaanza. Ba-bu. Po-le. Sa-na. Kwa. Ku-on-do-ke-wa. Na. Bi-bi.

Nikaita, "Bibi?" Mama yako akaitika kule ndani, "Abee, baba." Nikaita tena. Akatoka na povu mpaka kwenye viwiko.

"Baba, nimeitika. Unaumwa?"

"Wameandika umekufa."

"Nani kaandika?"

"Mwanao."

Akaichukua ile barua, akaisoma, akanitazama kwa huruma ambayo siipendi. "Baba, anasema bibi yake. Ni mama huyo. Mama aliyetutoka." Akarudi kwenye vyombo vyake. Kwake yeye mambo yaliishia pale.

Mimi sikuinuka. Jambo hili wewe unalijua, lakini sidhani kama uliwahi kulifikiria. Mama yako nilimwita Bibi tangu anatambaa, kwa kuwa alirithi jina la bibi yangu mzaa baba, na ukali wake pia. Na marehemu, tangu alipojifungua mara ya kwanza, nilimwita Mama. Miaka hamsini na mmoja. Mama, nimerudi. Mama, nyundo yangu umeiona? Jina lake la kuzaliwa nililisikia tena siku ya mazishi, likisomwa kwa kipaza sauti, nikadhani wanamzika mtu mwingine.

Kwa mdomo wako, Bibi ni yeye. Kwa mdomo wangu, Bibi ni mama yako. Nikiwa nimekaa pale mlangoni na karatasi yako mapajani, ndipo vile vichupa vya kutemea mate viliponijia.

Ulivileta kwa posta mwaka juzi, vitatu, ndani ya kiboksi cheupe. Ili kunirahisishia uliandika kwa mkono wako, kwa herufi kubwa: kimoja Bibi, kimoja Mama, kimoja Babu. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Mama yako akaniuliza kama nimeisoma, nikasema ndiyo. Nilikuwa nimesoma mstari wa kwanza. Nikamshikisha marehemu kichupa cha Mama, kwa sababu huyo ndiye Mama. Nikampa mama yako kichupa cha Bibi. Naye alikiona kile kibandiko, akatema, akafunga kifuniko, hakuuliza lolote, maana neno hilo ameliitikia tangu azaliwe. Marehemu alikigeuzageuza kile chake kwa vidole, akasema, "Umesoma vizuri, baba watoto?" Nikamjibu kwamba katika maisha yangu sijawahi kupachika mguu wa kiti kimoja kwenye kiti kingine. Akacheka, akatema.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, vichupa nilivibadilisha. Mate ya kipofu yalikwenda kwa jina la mama yako, na ya mama yako yakaja kwako kwa jina la kipofu. Ni mimi. Si mashine yenu, si posta, na wala si wewe.

Naijua sasa hasara yake, kwa sababu ulinieleza kwa simu mara nyingi, na mimi si mjinga kama nilivyo mbishi. Ulisema mwili wa mtu umeandikwa kwa herufi nne tu, zikirudiwa mamilioni kwa mamilioni, na kazi yako ni kuifundisha kompyuta izisome zote itafute palipokosewa. Nilifurahi mno. Nikawatangazia mtaa mzima kwamba mjukuu wangu anasomea bayoinfomatiki, neno hilo nililifanyia mazoezi siku mbili. Wakaja na miguu iliyovimba na watoto wenye homa wakiuliza unarudi lini. Fundi viatu akanitania, "Daktari gani huyo hana sindano?" Nikamwambia huyu ni daktari wa herufi, wewe endelea na soli zako.

Na ile herufi ya upofu uliipata. Familia kumi na moja, ulisema, kila anayepofuka anayo na kila mwenye macho mazima hana. Ikaja nyumba yetu, ikaenda kinyume: kipofu hana, mwenye macho ndiye anayo. Mwalimu wako mkuu akasema basi herufi hiyo siyo, uanze upya. Ukaanza upya, na mpaka leo hujafika popote.

Ulinipigia simu. Uliniuliza kwa adabu zako zote, "Babu, una hakika hukuvichanganya vile vichupa?" Unakumbuka nilivyokufokea. Nilikula kiapo. Ukasema mwalimu wako anaomba mama yako ateme upya, nikakataza, nikasema nyumba yangu haipimwi mara mbili kama ubao wa fundi mbovu. Mama yako akanitii shingo upande. Na wewe ukaenda kwa wakubwa zako ukawaambia kwamba babu yako akisema kitu ndivyo kilivyo. Mama yako alinisimulia hayo siku ile ile, nikatembea mtaani kifua mbele.

Ulisema pia kwamba mashine inaona wazi hawa wawili ni mama na mwana, ila haiwezi kusema yupi alimzaa yupi. Mate yako mwenyewe sheria ya chuo ilikukataza kuyatia. Nilibaki mimi. Kama ningekitemea kile kichupa cha tatu, mashine ingemwona mwanangu ni yupi, na uongo wangu usingeishi hata wiki moja. Lakini nilisema mate yangu hayasafiri kwa posta. Kichupa changu kipo hapa mbele yangu, nimekiwekea misumari midogo.

Sasa nifike pale ambapo penseli imekuwa nzito.

Siku uliyosema herufi ile haipo kwa bibi yako, simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, naye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua mchele kwa vidole. Hukukusudia asikie, najua, ulikuwa umekata tamaa. Simu ilipokatika aliendelea kuchambua. Alimaliza mchele wote. Kisha akaniambia, "Kumbe upofu wangu si wa kurithi. Ni wangu mwenyewe." Nikamwambia aache. Akasema labda ni ule moshi wa kuni mbichi alioupikia miaka mingi, labda ni kule kushona kwa kibatari alikokatazwa na mama yake akakaidi. Na kilichomuuma kuliko vyote si hicho. Kilichomuuma ni kwamba amekupotezea muda. Alisema, "Mtoto amehangaika na mate yangu, kumbe hayana kitu."

Tangu siku ile hakuuliza tena habari za masomo yako. Uliona mwenyewe, ukipiga alikuwa anaulizia hali ya hewa tu. Ulidhani uzee unamchukua. Haukuwa uzee. Alikuwa anakuonea haya.

Mate yake yalikuwa na kila kitu ulichokitafuta. Yalikuwa kule kwenu muda wote, ndani ya kichupa chenye jina lingine, na yeye akafa kwa homa ya mapafu akiamini kwamba hakuwa na la kukupa. Hilo nimelitenda mimi. Nimetengeneza milango nusu ya mji huu na hakuna hata mmoja unaokwaruza chini, na kwa maneno mawili mepesi kuliko yote, yanayofundishwa wiki ya kwanza, nimewatenda hivi watu wangu.

Mama yako nilimwambia juzi. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa chini tu, akauliza, "Kwa hiyo macho yangu?" Nikamwambia, kwa jinsi ninavyoelewa mimi, wewe huna hiyo herufi. Kumbe tangu ile simu alikuwa akijipima kila siku, anafumba macho anatembea kwa kufuata ubao wa mama yake, anajizoeza. Hakumwambia mtu. Akalia, na mimi sikujua analia kwa furaha au kwa hasira na mimi, na sikuthubutu kuuliza. Habari ya macho yake mwambie wewe mwenyewe, ukishahakikisha. Mimi simwambii tena mtu jambo lolote kwa hakika.

Basi fanya hivi. Usisaini. Mama yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu leo hii. Mwonyeshe mwalimu wako mkuu barua yote, usiruke pale ninapoaibika. Mweleze neno Bibi na neno Mama, na kama hajui lugha yetu umtafsirie mpaka aelewe kwamba watu wawili wanaweza kulitumia jina moja, kila mmoja kwa haki yake, na wakapotezana. Kama anataka ushahidi, tuma vichupa vipya. Mama yako atatema. Mimi nitatema, nitajaza mpaka juu, ingawa kinywa cha mzee ni kikavu. Safari hii andika majina kamili, na atakayesoma ni mama yako. Mimi nitashika tu ninachopewa.

Na ukija kuandika kile kitabu chenu kikubwa cha udaktari, najua watu mnawaandika kwa namba. Sikuombi umtaje. Naomba namba yake tu ikae mahali pake.

Mwili wangu una nguvu ya kungoja. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini ukiwa huko huko kwenye kompyuta yako. Usirudi kunigombeza, maliza kwanza.

Mama yako anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Mama yako mdogo alikuja Jumapili na watoto wake, wote wazima, wanakusalimu. Mjomba wako dereva naye anauliza huko uliko magari yanaendeshwa upande gani. Fundi viatu pia, ingawa hastahili, anatuma salamu, tangu msiba amekuwa akija kukaa na mimi. Nisalimie yule mwenzako wa maabara aliyekuletea supu ulipougua.

Mungu akulinde, akupe macho mazuri na subira. Akupe na watu wanaokuambia kweli mapema kuliko mimi.

Wewe nimeweza kukuandikia. Yeye sina pa kumwandikia. Na hata angekuwepo asingeweza kuisoma barua hii, ingebidi nimsomee mimi, neno kwa neno, kwa huu usomaji wangu, naye amekaa kwenye kigoda ananisubiri nifike mwisho. Nimejaribu kuisoma hivyo kwa sauti asubuhi ya leo, hapa karakanani. Sikufika.

Wako akupendaye, mkaidi wako,
Babu.