Theluji Iliyopisha Perege

Jumatano jioni

Perege ndio walioniponza. Mama Neema, anayesafisha maabara yetu, aliletewa samaki kutoka kijiji cha Mofu, akatoa chupa zangu za theluji ya Kilimanjaro kwenye friza na kuwaweka humo ili wasije wakaoza.

"Mwanangu, si nimeona ni maji tu?"

Nilifoka, kisha nikaona aibu. Ni mtu mzima, rika la mama yangu.

Nilitaka kulinganisha bakteria wa theluji yenye vumbi na wa theluji safi. Sasa wameshinda kwenye joto la Ifakara. Waliozoea baridi watakuwa wamepungua, wapenda joto wamezaliana. Ningeweza kurudisha chupa kimya kimya, bosi asijue...

Nimeandika kwenye kila lebo: "Ilishinda mezani." Kesho nitamwambia bosi.

Mama Neema amenifungia perege wawili. Hawajaharibika hata kidogo.