Njia ya Kumrudisha Mama Veronika

Mjukuu wangu Riziki,

Amani ya Bwana ikukute huko Kisangani. Sisi wa huku Mapendo tu wazima. Papa yako amepona homa, na mdogo wako sasa anaimba kwaya, akiwashinda wote kwa sauti.

Unauliza utajuaje kama kweli Mungu anakuita ubaki kwa masista. Nilipokuwa msichana wa shule, padri alinituma baada ya misa nimrudishe Mama Veronika, jirani yetu asiyeona, hadi nyumbani kwake Munigi. Njia ilikuwa mawe matupu ya volkano. Nikataka kumsaidia vizuri, nikamweleza yote: mawe makali, kisha shimo, kisha mteremko. Akasimama, akakataa kusogea.

"We mutoto, unanichosha na sijatembea! Niambie tu fasi ya kuweka mguu huu."

"Na shimo, mama?"

"Shimo liko hapa?"

"Hapana, bado."

"Basi liache kwanza."

Tukafika, naye akinicheka. Tangu siku ile nimejaribu kutomdai Mungu njia yote. Siku nyingine naweza, siku nyingine nashindwa.

Maana nafasi yako kanisani, kando yangu, ni tupu, na kila Dominika nilikuwa naomba uambiwe urudi. Jana niliomba tofauti: akuongoze anakotaka Yeye, hata kama si kwangu. Nililia kidogo, Riziki, lakini nilisema Amina.

Koko yako,
Anastazia