Sufuria Yako Inarudi Mbarara

Tantine,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni pa nyumba yako hapa Misiera, kambini kwetu Nakivale. Nimekuja kuchukua sufuria yako kubwa, ile ya masikio mawili. Wanawake wa uwanja wa majiko kule Mbarara wameniambia nisirudi bila hiyo. Ni lazima nikueleze sababu, kwa kuwa hukuzoea mtu kuondoka na chombo chako bila maelezo, hata awe mtoto wa dada yako uliyemlea.

Tangu nilipopata nafasi ya kusoma sheria uliacha kuniita Furaha. Ukaniita Maître, kama wakili, nusu kwa fahari na nusu kwa utani. Nikija uwanjani na hasira zangu za darasani, ulinikabidhi sahani ya fufu na sombe kabla sijafungua mdomo. "Maître, kula. Utapigana kisha." Tangu ulipofariki hakuna anayenikumbusha kula, nami nimekuwa nikipigana na njaa yangu tumboni.

Barabara ya hospitali usingeitambua. Palipokuwa na nyumba za matofali na kibanda cha fundi baiskeli sasa pamesimama jengo la vioo la kupiga picha za ndani ya mwili. Ubavuni mwake kuna maabara, kisha duka la dawa, kisha kliniki ya macho, na juu ya kliniki ya macho wamepandisha kliniki ya meno. Wagonjwa wanatoka Isingiro, wanatoka Rugaaga, wanatoka huku kwetu Nakivale. Kila mwezi kibao kipya kinapigiliwa misumari. Nyumba za kupanga zilizokuwa nyuma zimegeuzwa vyumba vya wageni, na waliokuwa wakiishi humo wamesukumwa nje ya mji.

Mimi wa mwaka wa kwanza ningeandika hapa ukurasa mzima wa laana. Wa leo siwezi, kwa sababu binti yako Riziki amepata kazi ndani ya jengo hilo la vioo. Anavaa sare ya kijani, anasafisha sakafu na ngazi, na wadogo zake wamerudi shule. Majirani zake wawili wamekuwa askari wa getini. Wengine wanafua mashuka, wengine wanapokea wageni. Siwezi kuutukana ukuta ambao dada yangu anaufuta vumbi apate kuwalisha wadogo zake. Wewe mwenyewe ulisema siku walipoanza kuchimba msingi, huku ukikoroga uji: "Acha fasi ikue. Ila batu bakule."

Ni hilo la pili, Tantine, la watu kula, ndilo lililotaka kusahauliwa.

Yule mzee aliyewaruhusu kupika katika kiwanja chake nyuma ya hospitali alihamia kwa watoto wake, na kiwanja kikauzwa kwa mwenye jengo la vioo. Miezi michache baada ya kukuzika, alikuja msimamizi wa ujenzi na vijana waliobeba vigingi vyekundu. Akatuambia, kwa adabu kabisa, kwamba uwanja wa majiko utakuwa maegesho ya magari ya wateja, na kwamba akina mama watapewa meza katika soko jipya ukingoni mwa mji. "Mnapika vizuri, mama zangu, lakini haya ni maendeleo."

Maendeleo ya nani? Mgonjwa wa kwetu halazwi peke yake. Daktari atamtibu, muuguzi atamchoma sindano, lakini kumpikia, kumfulia na kumlisha ni kazi ya aliyekuja naye, yule uliyemwita gadi-malade. Na gadi-malade wa kutoka Nakivale anashuka kwenye gari na mkeka na kanga, hana sufuria, hana makala ya kuwashia jiko, hana hata chumvi. Alikuja kwako. Ulimpa mbabula, jiko dogo la makaa, iliyokwisha kuwaka, ukamwonyesha bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo, ukamwambia ni muuguzi yupi anaelewa Kiswahili chetu. Uji wa kutoka soko la ukingoni mwa mji ungefika wodini ukiwa baridi kama udongo. Na mgonjwa angebaki na nani wakati mtu wake yuko njiani na sufuria mikononi?

Kisha ilikuwepo ile sheria yako, ambayo sijaikuta katika kitabu chochote nilichosoma. Mgonjwa akifa, watu wake hawakuruhusiwa kuosha sufuria waliyompikia. "Mufiwa haoshi sufuria. Lete hapa." Uliipokea ikiwa na makombo yake, ukaisugua kwa majivu bila kusema neno, ukaifunika juu ya jiwe, na haikupikiwa mtu mpaka kesho yake. Nimewaona wanaume wazima wakikukabidhi sufuria hiyo, ndipo wakaanza kulia.

Basi tulikutana uwanjani, mimi nikapanda juu ya kreti la soda. Nilihutubia. Nilianzia vilima vya Fizi kule Kongo tulikotimuliwa, nikapita mpakani, nikafika kwenye vigingi vyekundu, nikauliza ni mara ngapi mtu mmoja anaweza kufukuzwa kabla hajasema basi. Walipiga makofi, nami nikalewa makofi hayo. Nikatangaza mgomo: kesho moto usiwashwe hata kwenye jiko moja.

Mama Kyomuhendo, yule mwenzako wa Rugaaga anayepika matoke, aliinua mwiko. "Wewe nyabo musomi, na mugonjwa? Naye anagoma?"

Kicheko kilichofuata kiliniteremsha kwenye kreti. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nami nikacheka, kwa kuwa nilikusikia wewe ndani ya swali hilo. Na mpango wetu ulizaliwa humo humo katika kicheko. Moto utawashwa kama kawaida. Tutawapikia wagonjwa na watu wao. Mwingine yeyote wa mtaa ule, awe na sare au koti jeupe, siku hiyo asipate hata kijiko.

Ungeiona siku hiyo. Uliwajua wote wanaovuka barabara adhuhuri na sahani zao: askari wa getini, wafagiaji, wapokezi, wapima damu, wauza dawa. Jengo lile linang'aa lakini halina mahali pa kula, na waliolichora walidhani, naona, kwamba wafanyakazi wake nao ni wa kioo. Walikuja, wakakuta sufuria zinachemka, na Mama Kyomuhendo akiuliza kila mmoja, "Wewe unauguza nani?" Asiye na mgonjwa akarudi na sahani tupu. Askari mmoja mrefu alimpigia mwenzake kelele kutoka getini, "Leo tunalamba vioo, ndugu yangu." Mwenzake akamjibu, "Anzia ghorofa ya chini, mimi nitakukuta kwenye kliniki ya meno."

Nilimwogopea Riziki. Alikuja na sare yake, amebeba vyombo vya wenzake kama kila siku, na msimamizi alikuwa akitazama. Nikamnong'oneza arudi asije akapoteza kazi. Akaviweka vyombo chini, akakaa juu ya gogo la mama yake. "Nasafisha kwao, lakini nimekomea hapa tangu utoto," akasema, si kwa sauti kubwa, ila kila mtu alisikia.

Alasiri mwenye jengo mwenyewe akavuka barabara. Akauliza kama ni kweli sisi ndio tunaowalisha watu wake. Mama Kyomuhendo akamjibu bila kuacha kumenya, "Na wale unaowapiga picha, ssebo, nao nani anawalisha? Hawawezi kulala kwenye mashine yako na njaa."

Hakucheka, lakini alikaa. Tulizungumza mpaka kivuli cha jengo lake kikatufikia. Hatukupata kila tulichotaka. Nusu ya uwanja itakuwa maegesho, na kamba za nguo zitasogezwa. Upande wa bomba utabaki kuwa wa majiko, nao utajengewa paa. Nimeyaandika makubaliano hayo mimi mwenyewe, ameyatia sahihi, na nakala ipo ofisi ya jiji. Lakini mwenye jengo alisema jambo moja kabla ya kuondoka, na alilisema waziwazi, sikumwona mjanja: mafundi wakifika watapita kando ya kila mahali penye moto, na pale watakapokuta majivu baridi watahesabu kwamba hapana mwenyewe.

Hapo wanawake wote walitazama kona moja. Yako.

Tangu ulipofariki hakuna aliyethubutu kuweka jiko pale kando ya bomba. Walipaacha kwa heshima. Walipazunguka wakipita na maji, na majani yakaanza kuota kati ya mawe yako. Heshima yetu kwako, Tantine, ilikuwa karibu kuwapa mafundi mahali pa kusimika nguzo yao ya kwanza. Ni Mama Kyomuhendo aliyesema, "Sufuria yake iko wapi? Nenda ukailete."

Iko hapa. Nimelifungua gunia asubuhi hii.

Unakumbuka ilivyokuwa? Presha ilikuangusha ukiwa unapuliza makala, wenzako wa majiko wakakupeleka katika wodi ile ile uliyoizoea, sasa ukiwa wewe kitandani. Walikupikia uji kwa sufuria yako mwenyewe, kwa kuwa walisema hutakubali ladha ya nyingine. Nilikulisha kidogo. Ukasema chumvi haipo, nami nikafurahi, nikadhani anayelalamikia chumvi anapona. Alfajiri hukuwepo tena. Gari la kukuleta huku lilikuwa linangoja, tukakusanya kila kilichokuwa chako, na sufuria ikaingia kwenye gunia bila mtu kuitazama.

Haikuoshwa, Tantine. Uji wako wa mwisho umekauka chini yake, umepasuka kama tope la kiangazi, na alama ya kijiko changu bado inaonekana.

Nilichota majivu. Niliinama. Kisha mkono ukakataa, kwa sababu sheria ni yako na mfiwa ni mimi. Jirani yako Mrundi, Mama Espérance, alirudi kutoka misa akanikuta nimeikumbatia, sufuria nzima pajani kama mtoto. Alivua kitenge chake cha misa, akakikunja, akakaa chini. "Leta hapa, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi chake. Hakuwahi kufika uwanja wa majiko, hakuna aliyemfundisha. Aliisugua kwa majivu bila kusema neno, akaifunika juu ya jiwe hapa mlangoni, na hapo ndipo nilipolia kilio nilichokuwa nimekibeba tangu wodini.

Sasa jua linaikausha. Kesho naipandisha gari, tunapita Isingiro, tunaingia Mbarara kabla ya mafundi. Mama Kyomuhendo ametenga makala. Riziki ataing'oa ile nyasi kati ya mawe yako kabla ya kwenda kazini. Moto wa kwanza utakuwa wa mgonjwa yeyote wa Nakivale atakayekuwa amelazwa siku hiyo, hata kama simjui jina.

Siwezi kukuahidi ushindi wa mtaa mzima. Majengo yatazidi kupanda, na mengine nitayapenda na mengine nitapambana nayo kwa kila kifungu cha sheria nilichosoma kwa jasho lako. Ninachokuahidi ni kona ile. Nikiwa Mbarara, haitakutwa na majivu baridi. Na atakayefiwa atatukabidhi sufuria yake ikiwa na makombo, nasi tutaiosha, mimi au Riziki au yeyote aliyekaa kwenye gogo lako, na hatutamsemesha.

Pumzika, Tantine. Mungu akukalishe pasipo moshi. Mama Espérance amenipakulia maharagwe na ndizi, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Nimekula. Sasa naenda kupigana.

Maître wako,
Furaha