Mkono Juu ya Kichwa cha Lemayian

Madam Nasieku,

Kikaragosi wako Lemayian bado anainamisha kichwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Unakumbuka kipindi cha runinga kilipoletwa kutoka ng'ambo, tukaambiwa tukifanye kiwe cha watoto wa huku? Lemayian alikuwa na jina lingine, na kila mtu alimsalimia kwa gota, ngumi kwa ngumi, hata ajuza. Ulipowaonyesha watoto wa Kajiado, hawakucheka. Kasichana kamoja kakasema, "Lakini huyu hana heshima." Ulicheka njia nzima hadi Kitengela. Kufika studio ukachukua wembe, ukamfumua shingo, ili aweze kuinama, mtu mzima amguse kichwa, kama anavyosalimiwa mtoto yeyote wa Kimaasai. Mimi nilikuwa chini ya meza, nimemvaa mkononi. Wewe ukanyoosha mkono wako wenye shanga mbele ya kamera. Watoto hawakuwahi kuona uso wako, waliujua mkono tu.

Sasa mkono huo haupo. Aki, Madam, haupo. Tuliporudi kazini baada ya mazishi nilimwinamisha Lemayian kama kawaida, tukangoja. Hakuna aliyemgusa. Mtu wa kamera akazima, akatoka nje. Nililia chini ya meza ile ile, na sioni haya kukwambia.

Mkubwa mpya wa studio akasema turudishe gota, yaishe. Yaishe! Kana kwamba ni mzigo. Nikamwomba anipe wiki moja.

Jana nilimpeleka Lemayian kwa mama yako. Unamjua Yeyo, hakuwahi kuficha kwamba kazi yako ilimwaibisha. "Nasieku ataacha lini midoli?" aliniuliza kila tulipoonana. Nilimkuta mlangoni, ameketi. Nikamvaa Lemayian, nikamwinamisha. Yeyo alimtazama weee. Kisha akanyoosha mkono wenye shanga kama zako, akauweka kichwani pa Lemayian. Akauliza, "Huyu ndiye mtoto Nasieku aliacha?"

Hakuuondoa ule mkono.

Jumatatu anakuja Kitengela kurekodi. Ameuliza kama uso wake utaonekana. Nilimwambia hapana, Yeyo, ni mkono tu.

Pumzika sasa, Madam. Shingo nimeishona upya, ilikuwa imeanza kulegea. Nakuahidi hivi: siku Yeyo atakapochoka nitatafuta mkono mwingine, na mwingine. Mtoto wako hataachwa tena ameinama peke yake.

Wako wa chini ya meza,
Wambua