Somo la Bitiruti Nililompa Mama

Jumapili. Mawingu yameufunika Uluguru tangu asubuhi. Mvua hainyeshi, jua halitoki.

Leo ni siku ya tisa tangu mama apate kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Akitaka maji anasema "shuka". Jana alilia kwa sababu hatukumwelewa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kihonda. Likizo iliyopita nilipanda Kinole, kijijini kwake, kumsalimia, nikamkuta analalamikia presha. Nikajifanya daktari. Nikamweleza kwamba kuta za mishipa ya damu hutengeneza gesi iitwayo nitriki oksaidi, na gesi hiyo huilegeza mishipa ikapanuka, damu ikafika vizuri kwenye ubongo. Bitiruti, nikamwambia, huusaidia mwili kuitengeneza.

Sikumdanganya.

Ila sikumwambia aendelee na vidonge vyake vya presha. Nilikuwa nanogewa na kusikilizwa.

Wiki chache baadaye akanipigia simu. "Mwanangu, vile vidonge nimeviweka kando. Juisi yako ya bitiruti inanitosha." Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikajibu, "Sawa mama."

Sawa mama!

Siku tuliyomleta hospitali, daktari alituuliza mimi na Mwajuma, mdogo wangu anayeishi na mama, "Nani alimwachisha dawa?" Daktari akadhani ni yule anayekaa naye. Akamsema Mwajuma mbele ya wodi nzima, akamwita mzembe. Mwajuma akainamisha kichwa. Mimi na digrii yangu tukatazama dirishani.

Leo mchana, tulipomaliza kumgeuza mama, nikamwambia Mwajuma ukweli. Aliendelea kunyoosha shuka.

"Najua, dada. Siku ile ulipompa mama somo la bitiruti nilikuwa jikoni, nikawasikia. Na juisi nilikuwa naisaga mimi, maana nami nilikuamini."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata pa kushika. Akachukua beseni, akaenda kumwaga maji.

Mama alikuwa macho. Sijui alielewa kiasi gani. Alinyoosha mkono wake mzima akaushika wangu, nami nikaona haya hata kuuondoa.

Kesho asubuhi daktari atapita. Nimejiahidi kusimama pale kitandani na kusema, wagonjwa wale wale wakinisikia, kwamba mzembe ni mimi.

Nimejiahidi. Tatizo ni kwamba namjua aliyeahidi.